Hakuwa anakohoa: TB ya tumbo ilivyoingia nyumbani kwangu

Sketi ya shule ndo ilianza kunishtua. Binti yangu alikuwa na miaka 6, ndo kwanza kaingia darasa la kwanza, sketi nilimshonesha mwezi wa kwanza ikamkaa vizuri kabisa, kufika mwezi wa tatu mwishoni kifungo hakifiki kwenye tundu lake. Nikasema jamani mtoto ananenepa, nikashukuru Mungu. Alaf jioni namwogesha naona mifupa ya mabega imechomoza, mapaja yamelegea, makalio hakuna, yaani tumbo linakua na mwenye tumbo anapungua. Nikasimama na kopo la maji mkononi sijui nifanye nini.

Sijawahi kuandika hii habari kwa urefu. Ila kila nikimsimulia mtu swali la kwanza ni lile lile, "TB ya tumbo? Kumbe ipo?" Ipo. Na mi nisingeijua kama isingemkuta mwanangu, kwahiyo naandika kwa mama mwingine ambaye saa hizi anamwangalia mtoto wake tumbo limejaa na kila anayemuuliza anamwambia minyoo. Mi sio dokta, nauza chapati na maandazi hapa Mwanza, haya ya kitaalamu niliyapata kwa dokta wa watoto aliyemtibu na manesi wa kliniki ya TB maana niliuliza maswali mpaka wakanizoea, na mengine nikasoma mwenyewe usiku kwenye simu.

Tulianzia dispensari ya jirani. Dawa za minyoo, sawa, tukatumia, hakuna kilichobadilika. Tukarudi na homa, maana alikuwa na homa za jioni jioni, sio kali, ukimgusa unasema labda ni jua alilocheza, asubuhi amepoa kabisa. Malaria hakuna. Wakampima taifodi kwa kile kipimo cha damu, wakasema ipo, akapewa antibayotiki siku 10. Akachangamka kama wiki, akala, nikajua tumeshinda. Wiki ya pili homa ile pale, na usiku shuka limelowa jasho kama limefuliwa. Tukaenda hospitali nyingine ya kulipia (sitaitaja), taifodi tena, antibayotiki tena ya bei kubwa zaidi, na mi nikalipa. Baadae ndo dokta alinieleza kwamba kile kipimo cha taifodi cha damu peke yake huku kwetu kinadanganya sana, mtu anaweza kuonekana anayo wakati hana, na kwamba kuna aina za antibayotiki zinazoigusa TB kidogo, mtoto anapata nafuu ya siku chache, ugonjwa unajificha alaf unarudi. Kwakweli hili liliniuma kuliko zile hela.

Na nyumbani nako kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama mkwe akasema ni chango, nimlete kijijini kuna bibi anachanja na kupaka dawa. Jirani akasema bandama. Mwingine akasema kichocho, na huyu hakuwa mbali na akili maana sisi watu wa ziwani watoto wanaoga ziwani toka wanajua kutembea, na kichocho cha muda mrefu kinaharibu ini mpaka tumbo linajaa maji, hata dokta alikiweka kwenye orodha yake ya kwanza. Siwalaumu. Mtoto alikuwa hakohoi hata kidogo, nani angewaza TB?

Hapo ndo pana shida yetu kubwa, mi naamini hivo kabisa. Sisi ugonjwa huu tumeupa jina la kifua. Kifua kikuu. Tarehe 24 mwezi wa tatu ikifika, siku ya TB duniani, siku ile dokta wa Kijerumani Robert Koch alipotangaza mwaka 1882 kwamba amemwona mdudu wa TB, mabango yanabandikwa kila kituo na kwenye bango kuna mtu anakohoa ameziba mdomo. Ni sawa, wengi wanaugua mapafu na anayekohoa ndo anaambukiza. Lakini mama akiona lile bango anajiuliza, mwanangu anakohoa? Hapana. Basi sio sisi. Anaendelea na dawa za minyoo. Wakati TB inaweza kukaa kwenye mifupa, kwenye utando wa ubongo, kwenye tezi za shingo, kwenye tumbo, nesi mmoja aliniambia ukitoa kucha na nywele kwingine kote inaingia. Jina linatupeleka sehemu moja tu ya mwili, na kuna watoto ambao TB yao haitulii hapo.

Mwezi wa sita mwanzoni tukapewa rufaa. Uzito ulikuwa kilo 14.8, na mwezi wa kwanza shule walimpima 19. Kilo 4 zote kwa mtoto wa umri ule, na hizo 14.8 zenyewe ndani yake kuna maji ya tumbo.

Dokta wa watoto alikuwa mama mtu mzima, mpole, haongei sana. Hakuanza na vipimo, alianza na maswali, homa saa ngapi, jasho je, anakula nini, anaharisha au choo kigumu (alikuwa anabadilisha badilisha, siku mbili hiki siku tatu kile), alishaoga ziwani, tunakunywa maziwa ya wapi, nani nyumbani anaumwa. Akamlaza mtoto, akaweka vidole vya mkono mmoja juu ya tumbo akawa anavigonga kwa kidole cha mkono mwingine, anasikiliza, anamgeuza ubavu, anagonga tena, pale palipolia kama ngoma mwanzo sasa panalia kizito kwasababu maji yamehamia upande wa chini. Alaf akaweka kiganja chote akabonyeza taratibu. Akaniuliza mama unafanya kazi gani, nikamwambia nauza chapati. Akaniambia, lete mkono wako hapa, bonyeza pole pole uniambie unahisi nini.

Nilibonyeza. Jamani, lilikuwa donge la chapati. Nimekanda unga miaka 11, najua unga uliokandwa ukaachwa upumzike unavyokuwa, haukatai mkono lakini haukuachii pia, unabonyea alaf unarudi kivivu. Tumbo la mwanangu lilikuwa hivo hivo. Nikamwambia dokta ni kama unga wa chapati. Akatingisha kichwa, akasema ndivyo hata wao walivyofundishwa kulielezea, utando wa ndani ya tumbo na lile pazia la mafuta linalofunika utumbo vinakuwa vinene na vinagandana, na tumbo likishikika namna hiyo na mtoto anakonda na kutoka jasho lazima uiwaze TB. Sio kila mwenye TB ya tumbo analo tumbo la hivo, akasisitiza, wengine ni maumivu tu ya mara kwa mara, au uvimbe upande wa kulia chini pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, mpaka wengine wanafanyiwa operesheni wakidhaniwa ni kidole tumbo.

Nikamuuliza imefikaje huko. Akanieleza kwamba mdudu anaingia kwa hewa, anapitia mapafu, na anaweza akapita kimya kimya bila kuacha alama, alaf anasafiri kwa damu au kwa njia za tezi mpaka tumboni. Au mtu ana TB ya mapafu anameza makohozi yake mwenyewe, na watoto wote wanameza, hakuna mtoto mdogo anayejua kutema. Au anaingia kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB ya ng'ombe. Akifika huko anaweza kukaa kwenye tezi zilizozunguka utumbo, kwenye utando, kwenye utumbo wenyewe, hata kwenye ini na bandama, na saa ingine vyote kwa pamoja.

Tukalazwa. Wodini nesi alikuwa anampima tumbo kila asubuhi kwa futikamba ya fundi cherehani, pale pale usawa wa kitovu, siku ya kwanza sentimita 64. Nikaandika nyuma ya daftari la mahesabu ya unga.

Sasa vipimo, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu iliyonichanganya kuliko zote, na najua inawachanganya wazazi wengi. Eksirei ya kifua, safi. Mi nikaruka kwa furaha nikasema basi sio TB, dokta akasema hapana mama, mapafu safi hayafuti TB ya tumbo, watoto wengi wenye TB ya tumbo eksirei yao haina kitu. VVU, hana. Kipimo cha ngozi, kile wanachochoma chini ya ngozi ya mkono wanakuja kusoma baada ya siku 2 mpaka 3, kikavimba milimita 15 kwa rula, na kuanzia 10 wanahesabu amekutana na mdudu wa TB (kwa mtoto mwenye VVU au utapiamlo mkali hata 5 inatosha). Lakini hicho kinasema amekutana nae tu, hakisemi anaumwa, na mtoto aliyedhoofu sana kinaweza kisivimbe kabisa na TB anayo.

Utrasaundi ndo ilitufungua macho. Yule mtaalamu alikuwa ananionyesha kwenye skrini, maji meusi, na ndani ya maji kuna nyuzi nyuzi kama utando wa buibui zinaning'inia, na tezi zimevimba zimekusanyika kama zabibu pembeni ya utumbo. Maji ya ugonjwa wa ini mara nyingi yanakuwa matupu, haya yalikuwa na nyuzi. Mkojo ulipimwa pia kuona kama figo zinapoteza protini, maana figo nazo zinajaza mtoto maji, zilikuwa salama.

Kesho yake wakamtoa maji tumboni kwa sindano. Nilimshika mikono, wakampaka ganzi, alilia kidogo tu kuliko mi nilivyolia. Yale maji yalikuwa ya njano ya majani makavu, yana ukungu kidogo. Maabara wakasema protini iko juu na chembe nyeupe nyingi ni zile aina moja zinazopatikana sana kwenye TB, sio zile za usaha wa kawaida. Wakayaingiza kwenye mashine ya GeneXpert, ile inayotafuta vinasaba vya mdudu na kukwambia hapo hapo kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi. Jibu: haijaonekana. Wakapima na kinyesi, maana siku hizi WHO, shirika la afya duniani, wanasema kinyesi cha mtoto kinafaa kwa mashine hiyo kwasababu ya hayo makohozi wanayomeza. Haijaonekana.

Unaelewa nilivyojisikia? Hapo Morogoro, pale chuo cha kilimo SUA, kuna wale panya wakubwa wa shirika la APOPO waliofundishwa kunusa TB kwenye makohozi, nawapenda sana habari zao, lakini hata wao wanahitaji makohozi na mtoto wangu hana. Mashine hapana, eksirei hapana. Mume wangu akasema kwenye simu, basi sio TB, watupe ruhusa tuende kwingine. Nikampelekea dokta hayo maneno kama yalivyo.

Dokta akavuta kiti akakaa. Akaniambia mama, kwenye maji ya tumbo wadudu wanakuwa wachache sana, tatizo kubwa ni mwili wenyewe unavyopigana nao, kwahiyo mashine ikisema ndiyo tunaamini, ikisema hapana bado hatujamaliza mjadala. Tungesubiri mashine iseme ndiyo kwa kila mtoto, wengi tungewazika. Akasema kitu anachokiogopa zaidi ni saratani ya tezi, limfoma, maana nayo huku kwetu inajaza tumbo la mtoto, lakini ile ya haraka inakua kwa wiki chache na damu na utrasaundi vingeonekana tofauti, na kwenye maji walitafuta seli zake hawakuziona. Njia ya uhakika zaidi ni kuingiza kamera ndogo tumboni, kukata kinyama kidogo na kukipima. Akasema, mi nikiweka pamoja homa, jasho, kilo 4, hilo tumbo, zile nyuzi, tezi, maji ya aina ile na ngozi ya milimita 15, naanza dawa leo, na tunakubaliana mimi na wewe, ndani ya mwezi mmoja lazima tuone mabadiliko, tusipoyaona hatusukumi siku, tunaenda kwenye kamera. Ila nyumbani nani anakohoa?

Lile swali aliniuliza siku ya kwanza, nikajibu hakuna. Safari hii nikanyamaza. Baba mkwe alikuja kwetu mwaka ule wa nyuma mwezi wa nane kwa matibabu ya macho, akakaa miezi minne, analala chumba kimoja na wajukuu, na alikuwa anakohoa. Lakini yeye ni mvutaji na amekohoa toka namjua, kikohozi chake nilishakizoea kama saa ya ukutani, wala sikukihesabu kama ugonjwa. Nilipomwambia dokta, aliandika kwa muda mrefu. Akasema hiki ulichoniambia sasa hivi kina uzito kuliko mashine yangu.

Dawa tukaanza siku hiyo hiyo. Ni za bure, hospitali ya serikali hulipi hata senti kwa dawa za TB, naomba mtu asije akakaa nyumbani kwa kuogopa gharama. Miezi 2 ya mwanzo dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, alaf miezi 4 zinabaki mbili za mwanzo. Nilisoma kwamba sasa kuna watoto wanaotibiwa miezi 4 tu, nikamkimbilia dokta, akanijibu hiyo ni kwa TB isiyo kali ya kifua au ya tezi za nje, ya tumbo ni miezi 6 kamili. Ya ubongo na mifupa ndo inaenda mpaka 12.

Vidonge vya watoto nilivipenda, nasema kweli. Zamani wazazi walikuwa wanavunja vidonge vya wakubwa na kisu wanakadiria, sasa toka mwishoni mwa 2015 vipo vya watoto vyenye dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, vinanukia matunda, unaweka kwenye kikombe na maji kidogo, unaona vinajiachia vyenyewe kama unga kwenye maji. Idadi inaenda kwa uzito. Kilo 12 mpaka 15 vidonge 3, na ethambutoli yake pembeni, kilo 16 mpaka 24 vinakuwa 4. Ndo maana kila kliniki lazima mtoto apimwe kilo upya, ukiendelea na dozi ya mwezi wa sita wakati mtoto kanenepa unampa dawa pungufu. Tulipewa pia vitamini B6 kwasababu isoniazidi inasumbua mishipa ya fahamu hasa kwa mtoto mwenye utapiamlo.

Wiki ya kwanza mkojo ukawa rangi ya chungwa iliyokolea. Bibi yake alikuwa ameshika beseni akapiga yowe, "damu! mwanangu mnamuua!" Nilikuwa nimeshaambiwa, ni rifampisini, hata machozi na jasho vinaweza kuwa na rangi hiyo, haina shida. Kinachotisha ni macho kuwa ya njano, kutapika kusikoisha, mtoto kukataa chakula ghafla, hapo ini linalalamika na unakimbia hospitali siku ile ile. Kingine cha kukimbia, na hiki kinahusu tumbo lenyewe, ni kutapika kijani, tumbo kukaza na kuuma sana, choo na hewa kutotoka, maana utumbo uliogandana unaweza kuziba au kutoboka na hiyo sasa ni kazi ya upasuaji. Kwetu haikutokea, namshukuru Mungu.

Ethambutoli inaweza kugusa macho, mtoto mdogo hajui kukwambia sioni vizuri, mara nyingi inaanza kwa kuchanganya nyekundu na kijani. Kwa dozi ya watoto ni nadra sana ila nesi alinifundisha kuangalia. Basi kila Jumapili natandika kanga zangu kitandani namwambia niletee nyekundu, niletee ya kijani, nionyeshe wapi kuna njano. Akawa anaona ni mchezo wetu, saa ingine ananiamsha yeye, mama leo kanga.

Wiki ya pili uzito ukashuka mpaka 14.1. Nililia pale kwenye mzani mbele za watu. Nesi akanishika bega akachukua futikamba, tumbo limetoka 64 mpaka 59, akaniambia mama yanayopungua ni maji, mtoto bado hajaanza kujenga, angalia homa. Na kweli homa ilikuwa imekatika siku ya 9, shuka kavu. Siku ya 12 aliomba chapati. Miezi mitatu hajaomba kitu mwenyewe, alikuwa anakula kwa kulazimishwa na machozi, leo anasema mama nataka chapati na maharage. Niliikunja ndogo ndogo, akala nusu.

Chakula tulikuwa tunampa kidogo kidogo mara nyingi, uji wenye karanga, dagaa wa kusaga, yai, parachichi, na zile pakiti za siagi ya karanga walizompa wodini kwa ajili ya utapiamlo. Dawa bila chakula mwili unajenga na nini?

Baba mkwe tulimfuata kijijini Misungwi. Alipimwa makohozi, mashine ikasema ndiyo, yaani mara moja tu. Mzee wa miaka 70 akainamisha kichwa akasema nimemuua mjukuu wangu. Nikamwambia hapana baba, wewe umetusaidia kumjua anaumwa nini, na dawa unaanza leo. Tukamrudisha kwetu mjini, chumba cha peke yake chenye dirisha kubwa wiki zile za mwanzo, mdogo wake binti yangu, yule wa miaka 3, akachunguzwa hana ugonjwa akaanzishiwa dawa za kinga, na sisi wazazi tukapimwa pia. Mzee alikuwa hataki kabisa kumkaribia mtoto. Asubuhi anakaa nje chini ya mwembe na dawa zake. Siku moja binti yangu akachukua kikombe chake chenye vidonge vinavyojiachia akatoka, akasema shikamoo babu, tunywe wote. Wakanywa. Toka siku hiyo ikawa kila asubuhi, saa 12 na nusu, mmoja kikombe cha plastiki mwingine bilauri, kule kule nje kwenye hewa, na mi natia alama kwenye kadi mbili. Kuna kadi ya matibabu unayotia alama kila dozi, mbele ya mtu anayemsimamia mgonjwa. Nilisoma kwamba utaratibu huu wa kusimamiana kwenye dawa, ambao WHO miaka ya 1990 waliupeleka dunia nzima, sehemu kubwa ulijengwa hapa hapa Tanzania toka 1977 na kina dokta Karel Styblo pamoja na wahudumu wetu. Nilijisikia vizuri kujua hilo nikiwa nimeshika kalamu.

Kuhusu maziwa sitaweza kujua. Kijijini watoto walikuwa wanakunywa yakitoka tu kwenye kiwele, ya moto moto, na mi mwenyewe nimekulia hivo. Dokta alisema TB ya ng'ombe haisikii pirazinamidi na inahitaji maabara maalum kuitambua, kwahiyo aliendelea kumfuatilia kwa karibu. Maziwa sasa yanachemka mpaka yanapanda, kwetu na kwa mzee, na mama mkwe ambaye mwanzo alisema tunaharibu ladha ndo anayewafokea wengine.

Maneno yalikuwepo pia. Mzazi mmoja shuleni aliomba mtoto wangu akae dawati la peke yake. Mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama "tumeshapima", akimaanisha UKIMWI. Mtoto mwenye TB ya tumbo ambaye mapafu yake ni safi hamwambukizi mwenzake kwa kukaa nae, wala kwa kikombe, wala kwa sahani. Mwalimu wake wa darasa niliyemweleza mara moja tu alielewa, akamweka mbele pale pale alipokuwa anakaa, na kumruhusu atoke kwenda chooni bila kuomba ruhusa. Huyo mwalimu namwombea dua mpaka leo.

Mwezi wa nane, kliniki ya kubadilisha dawa, kilo 16.3. Nesi akasema vidonge vinakuwa 4 sasa, na mi nikafurahi kuliko siku niliyonunua jiko la gesi. Utrasaundi ikaonyesha maji yameisha kabisa, tezi bado zipo ila zimesinyaa. Mwezi wa kumi hata tezi wakazitafuta kwa shida.

Katikati ya mwezi wa 12 tukamaliza. Kilo 20.1, tumbo sentimita 52, nesi akatia alama ya mwisho kwenye kadi akampa mtoto kalamu aandike jina lake pembeni, akaliandika kwa herufi kubwa zinazopanda mlima. Tukaambiwa turudi baada ya miezi mitatu na tena baada ya sita, na homa au tumbo likirudi tusisubiri tarehe. Babu yake alimaliza wiki moja baada yake, akipima makohozi hakuna kitu.

Nyumbani nikatoa ile sketi. Mwezi wa nne nilikisogeza kifungo kumpa nafasi tumbo lake, sasa nikakata uzi nikakirudisha pale pale pa mwanzo, nikamwita ajaribu kabla shule hazijafungua. Kiunoni imemkaa sawa sawa. Ila imekuwa fupi, imefika juu ya magoti, mtoto ameongezeka urefu. Kesho yake nikaenda sokoni kununua kitambaa.